Kipimo cha Mama Mukwe

Kwa miaka ishirini na miwili nilimjua mama mukwe wangu kwa kandambili zake. Zilikuwa za buluu, zikawa za kijani, zikarudi kuwa za buluu. Juu ya kandambili niliijua ncha ya kikwembe, ile nguo yake ya kujifunga, na kikohozi kifupi alichokitoa kabla ya kupita ili nipate muda wa kugeukia ukuta. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Kwetu, watu wa kaskazini ya Katanga, bukwe ni hivyo: ukioa, humtazami usoni mama aliyekuzalia mke, humgusi, huli naye, huingii nyumbani mwake. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha, na mvua inanyesha tu. Sawa. Mimi nilifundishwa na baba yangu, na baba yangu hakuwa mtu wa kurudia neno mara mbili.

Msidhani tulinuniana. Tulizungumza sana, ila kupitia mke wangu. Mimi nimekaa nje juu ya kiti kidogo, uso kwenye ukuta wa jikoni. Yeye yuko ndani, nyuma ya pazia la mlango. "Umwambie mukwe wangu, chai iko." "Umwambie mama, asante." Mke wangu yuko katikati anachambua maharagwe, hafungui hata kinywa. Maneno yameshafika.

Kazi yangu ni kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli hapa Lubumbashi. Nafanyia Makomeno, chini ya bati moja mbele ya nyumba yangu, na sitaki kinga mpya. Hizi mpya zenye plastiki na rangi za peremende, zenye magia ishirini ambayo kumi na nane hayajui kazi yake, wapelekee wengine. Mimi nataka za zamani, na katika za zamani nataka mikste. Hiyo ni kinga isiyo na bomba la juu la kukuzuia mguu. Badala yake ina mabomba mawili membamba, moja kila upande, yanayoshuka kutoka shingoni, yanapita kando ya kiti na kufika hadi gurudumu la nyuma. Mwanaume anaipanda, mama mwenye kikwembe anaipanda, padri mwenye kanzu anaipanda. Mtu akipita hapa na kusema, "Aka, ile ni kinga ya banamuke," namjazia tairi nusu na kumtakia safari njema.

Mikste kuukuu hainunuliwi kwa macho. Rangi ni poda tu. Unainua gurudumu la mbele, unageuza usukani polepole, unasikiliza kama kuna mchanga unaosaga shingoni. Unagonga kila bomba kwa ufunguo wa nyumba: bomba zima linaimba, lililoliwa na kutu ndani linakujibu kama mtu mwenye mafua. Halafu, ukishaipenda, unauliza swali ambalo wauzaji hawalipendi: hii ni ya nani? Maana kinga ni kama kiatu. Mtu anasimama peku, mgongo ukutani, anabana kitabu kati ya mapaja mpaka juu kabisa. Unapima kutoka chini hadi kwenye kitabu. Chukua theluthi mbili ya kipimo hicho, punguza kidogo, ndio urefu wa fremu yake. Nimepima hivyo walimu, masista, na mzee mmoja aliyecheka mpaka kitabu kikaanguka. Ni kazi ya kawaida kabisa, mpaka siku inapotakiwa kwa mama mukwe wako.

Ilikuwa mwaka jana, kiangazi kikianza, asubuhi zikiwa na ile baridi ya kuuma masikio. Mke wangu alirudi kutoka Kampemba kwa mama yake, akakaa juu ya tairi kuukuu, akaniangalia nikifanya kazi. Nikajua kuna neno.

"Mama iko nataka kinga," akasema.

"Kinga ya kufanya nini?"

"Ya kupanda. Yeye mwenyewe."

Spana ilinitoka mkononi. Mama amepita miaka sabini, magoti yanamsumbua, na anaishi peke yake katika nyumba aliyojenga marehemu mume wake, mtu wa reli. Nusu saa kwa miguu kutoka hapo, ng'ambo ya reli, ana shamba lake dogo la matembele na lengalenga. Shamba hilo ndilo linalomwamsha asubuhi. Lakini kutembea kumekuwa mateso, na safari moja alikaa chini katikati ya njia mpaka wapita njia wakamrudisha. Habari ikafika kwa binti yake mkubwa, anayekaa mtaa wa Golf, kwenye nyumba yenye vigae na geti la chuma. Huyo yaya wa mke wangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, si mtu mbaya, nisimpake matope. Aliogopa tu. Akasema mbele ya wote: kiangazi kikiisha, kama Mama hawezi kwenda shambani na kurudi mwenyewe, anahamia Golf. Chumba kiko tayari, pazia limeshatundikwa.

"Na Mama alijibu nini?" nikauliza.

"Alisema: 'Ku Golf nitakuwa naangalia nini? Geti?'"

Nesi wa kituo cha afya ndiye aliyemwambia kwamba goti linalokataa kutembea mara nyingine hukubali kukanyaga pedali. Mama akakumbuka. Zamani yeye na mume wake walikuwa na mikste moja, ya wote wawili: bwana anaipeleka kazini alfajiri, bibi anaipeleka sokoni mchana. Bwana alipokufa, ndugu zake waliichukua hata matanga hayajaisha. Sasa aliitaka tena. Mambo yalikuwa hivyo: kinga, au geti.

Na mimi nilitaka abaki kwake, nilitaka sana. Nilipokwenda kuposa nilikuwa na pampu moja na spana tatu, na wajomba walicheka wazi wazi. Nikasikia sauti nzito nyuma ya pazia: "Mikono yake iko na mafuta ya kazi. Mumupatie." Kicheko kikaisha. Sikuwahi kumshukuru kwa mdomo wangu, maana asante yangu daima ilipita kwa mtu mwingine.

Nikampa mke wangu kamba. Nikamwambia aende amsimamishe mama yake ukutani, afunge fundo pale kitabu kinapofika. Jioni alirudi na kamba isiyo na fundo.

"Alikatala. Anasema: 'Kipimo ya paja yangu iende ku mikono ya mukwe wangu? Mawee! Heri nitambae.'"

Tukacheka mpaka tukatokwa machozi, lakini kazi ikabaki pale pale. Nikamwuliza mke wangu kama mama yake ni mrefu. Macho yake yakaenda mbali. "Murefu," akasema. "Murefu kabisa. Mi nilikuwa nashika kikwembe yake hapa chini tu." Nami niliamini, kwa sababu nilikuwa na ushahidi wangu. Siku ya mahari, kabla sijawa mukwe kamili, nilimwona mara moja kwa mgongo akivuka ua na beseni kichwani, mgongo umenyooka, kichwa kikiupita uzio. Nilikuwa nimembeba hivyo kichwani miaka yote. Kuuliza si ujinga, wanasema. Nasi tuliuliza, tulimwuliza mtoto aliyekuwa akishika kikwembe.

Kwa hiyo nilikwenda Kampemba kwa mzee mmoja wa Kasai anayeuza milango na vitanda vya chuma, mwenye tai shingoni hata siku ya vumbi. Nyuma ya milango alikuwa na mikste mbili. Moja kubwa, bomba zote zinaimba. Nyingine ndogo, bomba moja limepinda.

"Fundi, chukua ile ndogo," akasema. "Kubwa ni ya kupanda na ngazi."

"Papa, mama mukwe wangu ni mtu mrefu."

Akanitazama juu ya miwani. "Ulimuona wapi?"

Naye ana mama mukwe, anaijua bukwe. Nilicheka, nikachukua kubwa.

Miezi miwili iliyofuata nilikaa na kinga ile kama mtu anayeota macho wazi. Nililoweka boliti zake kwenye mazutu, yaani dizeli, nikazisubiri siku nne bila kuzilazimisha, maana boliti ya zamani ukiishurutisha inakatika na kukuachia kipande chake ndani ya tundu. Nilikwangua rangi, tabaka baada ya tabaka: nyeusi, chini yake nyekundu, chini kabisa buluu ya mbingu ambayo sijui ni nani aliyeichagua na kwa furaha gani. Nikaipiga rangi ya kijani ya majani ya matembele. Juu ya gurudumu la nyuma nikasuka wavu wa kamba, uzi kwa uzi, ili kikwembe kisiingie. Mchana moshi wa majani yanayochomwa ulikuwa ukishuka juu ya Makomeno, jua linakuwa jekundu, sauti za barabara zinakuja kwa mbali, nami nazungusha gurudumu kutazama kama limenyooka, nalitazama likizunguka, nalitazama, mpaka sijui kama nimelala.

Katika usingizi huo wa mchana nilimwona. Anapanda kinga ya kijani chini ya mijakaranda, mrefu, mgongo umenyooka, na barabara haina mtu. Nataka kumwambia asante. Nafungua kinywa, na kinachotoka ni "Umwambie mama...", na hakuna wa kumwambia. Hageuki. Kila mara nilimwona kwa mgongo tu, na kila mara niliamka nikiwa na huzuni nisiyoielewa, mkono bado uko kwenye gurudumu.

Siku tuliyopanga ilikuwa Jumamosi asubuhi. Yaya alikuja na gari lake kutoka Golf, na kwenye buti niliona sanduku kubwa la nguo, tupu. Hakulificha. Mke wangu aliisukuma kinga hadi mbele ya mlango. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama uso ukutani kama inavyotakiwa, na nikasikiliza.

Nilisikia mnyororo. Nilisikia kandambili zikivuliwa. Nilisikia mke wangu akisema, "Mama, kamata hapa." Halafu kiti kikalia, kwi, na pedali ikazunguka bila mguu. Ikazunguka tena. Fundi anajua sauti ya pedali inayotafuta mguu. Nikapiga kelele kwa ukuta: "Umwambie ashuke! Umwambie ashuke!" Nikasikia kishindo, chuma, na mtu mmoja akisema "Aa," polepole, kama aliyesahau kitu.

Sikumbuki kuzunguka nyumba. Nakumbuka nikiwa nimepiga magoti, mikono yangu chini ya mabega yake, na mwili mwepesi, mwepesi sana, mfuko wa makaa ulio nusu. Nikamsimamisha. Kichwa chake kilinifika kifuani. Akainua uso, nami nikautazama. Maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa na alama ndogo kama ya mke wangu juu ya mdomo, na macho ya mtu anayetaka kucheka. Nilikuwa nimemtengenezea kinga mwanamke mwingine.

Yaya alikuwa analia. "Imeisha," akasema. "Mama, imeisha, twende." Akaenda kufungua buti. Mke wangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, hajui ashangae nini kwanza, mama kuanguka au mimi kumgusa. Nami nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikaanza kurudi nyuma, macho chini, nikitafuta ukuta wangu.

"Weye," sauti ile nzito ikasema. Ilikuwa kwangu. Miaka ishirini na miwili, na neno la kwanza lilikuwa hilo. "Unaenda wapi? Uliniangalia. Tulikufa?"

"Hapana, mama."

"Basi sasa angalia muzuri. Pima."

Akatembea mwenyewe, akichechemea, mpaka mlango wa jikoni, mlango ambao sikuwahi kuuvuka. Akasimama peku, mgongo kwenye mwimo wa mlango. Mke wangu akaleta kitabu cha sala. Nikapiga magoti na kamba yangu, mkono ukitetemeka. Mguu haukupungua mfupa. Ni magoti ndiyo hayanyooki tena, na mgongo umeinama juu yake. Nikatia alama kwa penseli kwenye mbao. Hapo ndipo nilipoiona nyingine. Juu ya alama yangu, vidole vinne hivi, kulikuwa na mkwaruzo wa msumari, wa zamani, uliopakwa rangi mara nyingi na bado unaonekana.

"Ile ni ya bwana yangu," mama akasema. "Alinipima hapa, mbele ya kununua kinga yetu. Naye alikuwa anatetemeka."

Nilichukua kamba, nikapima kutoka chini hadi kwenye mkwaruzo. Theluthi mbili, ondoa kidogo. Ilikuwa fremu ile kubwa, kamili, bila kuzidi nusu kidole. Kinga yangu haikukosea mtu. Ilichelewa tu. Mama aliweka kiganja juu ya mkwaruzo wa mume wake, akakiacha pale, na hata yaya aliacha buti wazi na kuja kusimama karibu.

"Kiangazi hakijaisha," mke wangu akamwambia dada yake. Yaya akapangusa macho. "Wiki mbili," akasema. "Siongezi." Sanduku likarudi Golf tupu, lakini alituonyesha kwanza kwamba bado liko ndani ya gari.

Siku ile ile nilirudi kwa mzee mwenye tai. Alikuwa ameiweka ile ndogo mbele, imefutwa vumbi. Bomba lililopinda nililinyoosha siku tano, kidogo asubuhi, kidogo jioni, kwa mti na kamba na subira, kwa sababu bomba jembamba la mikste ukilinyoosha kwa hasira linavunjika. Kubwa niliishusha kiti kidogo nikampa mke wangu. Mguu wake unafika kwenye ule mkwaruzo. Kumbe ndiye niliyekuwa nikimtengenezea. Jumapili baada ya misa nikampelekea mama kuku mweupe wa kufunika kosa la kumgusa, nikamwacha mlangoni, nikageukia ukuta. Nikasikia kikohozi. Bukwe ilikuwa imerudi mahali pake, na nikiri, nilifurahi na kuumia pamoja.

Siku ya mwisho ya wiki mbili, mama alipanda ile ndogo. Sikuona, nilihadithiwa. Alivuka reli akiisukuma, akapanda tena, akafika shambani, akachuma fungu la matembele, akarudi. Nyuma yake gari la yaya lilikuwa likienda mwendo wa konokono, taa zinawaka mchana kweupe, watoto wanashangilia wakidhani ni harusi. Yaya aliposhuka alipewa fungu la matembele. Akalitia kwenye sanduku lile tupu, kwa sababu lilikuwa na umande na hakutaka kulowesha viti, akaenda zake Golf.

Kuku yule hakuliwa. Anataga.

Kitu kimoja kimebaki. Jumatatu baada ya hapo nilikwenda Kampemba kukaza mnyororo, maana kinga iliyotoka kuamshwa hulegea siku za kwanza. Nilifika asubuhi, mke wangu alikuwa sokoni. Nikaikaza kinga, nikaiegemeza mlangoni, nikaenda kwenye kiti changu kidogo na kugeuza uso ukutani nimsubiri mke wangu. Nikasikia kandambili. Nikasikia mnyororo ukianza, polepole, halafu sawa, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, hakuna pedali inayotafuta. Ukapita nyuma ya mgongo wangu kuelekea njia ya reli, na ukasimama.

Uani hapakuwa na mtu mwingine. Kulikuwa na kuku tu.

"Umwambie mukwe wangu," sauti ile ikasema, "kiti iko sawa."

Nilitazama ukuta, ule moshi wa jikoni wa miaka yote, na sikuweza kuuona vizuri.

"Umwambie mama," nikasema, "asante."